Mstari wa Onyo

Mimi ndiye niliyemwonyesha rafiki yangu lile jukwaa la hadithi la mtandaoni, na jambo hilo sikulisahau hata siku moja.

Miaka ile ya katikati ya elfu mbili nilikuwa nikitunza wazee kwenye makao yao, na chumba changu kilikuwa Acocks Green, huku ughaibuni, juu ya duka la mazulia. Nilikuwa na kompyuta na intaneti. Yeye hakuwa navyo. Alikuwa Msomali wa Eastleigh, mdogo wangu kwa miaka mitatu, akifanya kazi ya kung'arisha pete katika karakana moja kule Hockley. Saa ya chakula cha mchana alikuwa akiandika hadithi kwenye kompyuta ya ofisi, kisha Jumamosi asubuhi ananiletea kwenye diski, pamoja na sambusa za mama yake, nami nazipandisha jukwaani.

Hadithi zenyewe zilimhusu nahodha wa tamthilia fulani ya televisheni, mtu mwema asiyeacha mwenzake nyuma. Sisi mashabiki tulimtungia visa vyetu wenyewe, bure kabisa, ujira wetu ukiwa maoni ya wasomaji. Mimi nilikuwa nimeandika miaka miwili. Nahodha wangu aliokoa watu, akafika nyumbani, akanywa chai. Nilipata maoni matatu, manne, ya watu walewale. Yeye akaandika mara moja tu, ukurasa ukafurika. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wangu alikuja, nikaugua.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa hodari. Alimchukua nahodha wetu akamweka chumbani na mwanamke aliyemtegemea kwa kila kitu, mwanamke akasema hapana, akarudia, nahodha asisikie, mwisho akanyamaza kwa hofu. Mlango ukafungwa. Tulichoonyeshwa ni asubuhi yake tu, mwanamke akishika kikombe kwa mikono miwili. Jukwaa likawaka moto. Wengine walisema amemchafua shujaa wao. Wengine wakawajibu kwamba watu wema wa namna hiyo wamejaa majumbani mwetu, na kwamba kuuonyesha uovu si kuusifu. Walibishana juu ya ridhaa wiki nzima: je, aliyenyamaza kwa hofu amekubali? Mimi nilisoma kila neno, nikiona kijicho, kwa sababu hakuna aliyewahi kugombana kwa ajili ya chai yangu.

Jambo moja tu walikubaliana wote. Hadithi ya namna hiyo lazima ianze na mstari wa onyo, unaotaja wazi kilichomo, ili asiyetaka apite zake. Yeye hakuacha kuuandika. Ulikuwepo pia kwenye sura ya tatu, juu kabisa, siku aliponiachia diski akawahi basi la Nechells kwenda kumwona shangazi yake.

Niliufuta. Ni mstari mmoja. Nilitaka wamgeukie, basi.

Wakamgeukia kweli. Jumatano alinipigia simu kutoka maktaba.

"Dadangu, watu wamenichachamalia huko. Warning haiko. Sijui nilisahau aje, walahi."

"Labda ulikuwa umechoka," nikasema.

"Lazima. Nilikuwa nakimbiza kumaliza kabla boss arudi."

Nilikata simu nikacheka peke yangu. Kisha nikafungua ukurasa kufurahia matusi, nikakuta ujumbe wa mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akichangia. Aliandika kwamba husoma hadithi zetu akiwa kazini, na kwamba huamini ule mstari wa juu kwa sababu yuko mtu aliyewahi kumfanyia vile, na hajamwambia yeyote. Safari hii hakuonywa. Alijifungia chooni hadi mwenzake alipokuja kugonga. "Nilikuwa nimekwisha kusema sitaki," aliandika. "Nani aliniamulia?"

Nilijua ni nani.

Jumamosi rafiki yangu alikuja bila sambusa. Alikaa kwenye kiti changu, mbele ya kompyuta yangu, akaandika kuomba radhi. Hakujitetea wala hakutaja uchovu. Aliandika kwamba kosa ni lake, kwamba alipaswa kuangalia mara mbili, na kwamba anasikitika. Nilikuwa nimekaa kitandani nyuma yake na maneno yalikuwa mdomoni tayari. Nikauliza kama atakunywa chai.

Chai haijachemka, jibu likaja. Yule mwanamke alimwandikia kwa kirefu. Alisema kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwomba radhi kwa lolote, hata kwa dogo, na kwamba amemsamehe kwa moyo wote.

Rafiki yangu alisoma kwa sauti, akafika katikati akashindwa. Alifunika uso kwa ncha ya mtandio wake, akalia. Nami, Mungu anisamehe, nilisimama pale na birika mkononi nikimwonea wivu. Msamaha ule ulikuwa wangu, na aliyeupata ni yeye.