Ncha ya Pili ya Kamba

Uwanja wa michezo wa chuo kikuu ulikuwa wa udongo mwekundu, na njia za kukimbilia zilichorwa kwa chokaa. Mchoraji alikuwa mzee mmoja mkavu, mwepesi wa kununa, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Chokaa. Mkewe, msafishaji wa vyumba vya kubadilishia nguo, walimwita Mama Kamba, na hapo hawakukosea, maana mistari ile haikuwa kazi ya mtu mmoja.

Upande wa kuanzia palikuwa na chuma kilichochimbiwa ardhini. Bwana Chokaa alifunga kamba hapo. Upande wa kumalizia udongo ni laini, haushiki kitu, kwa hiyo mkewe ndiye aliyeshika ncha ya pili, akajiegemeza nyuma kwa uzito wake wote, na uzito Mungu hakumnyima.

"Vuta, mke wangu!"

"Nikizidisha nitakuleta huku mzimamzima, na chai sijateleka!"

Basi mzee alikuja ameinama, akimwaga chokaa kufuata kamba, hainui kichwa mpaka aione miguu ya mkewe. Akiiona, anajua mstari umekwisha. Mkewe humfuta chokaa usoni, humcheka kwamba amezeeka ghafla, kisha wanahamia njia inayofuata. Maisha yao yote ya ndoa yalipita hivyo, na wala hawakuyaona kuwa madogo.

Mwaka jana Mama Kamba aliugua, akalazwa, akafa. Mzee alizika, akarudi kazini, akapigilia kigingi mahali pa mkewe. Kigingi kililala. Kamba ikalegea katikati, na mistari ikatoka imepinda kama njia ya mlevi. Wenzake walijitolea kumshikia, akawafukuza wote. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwalimu wa michezo alimvumilia sana yule mzee wa watu, lakini mwisho, asubuhi moja, alimwita pembeni.

"Mzee wangu, juzi njia ya tatu ilibanwa mpaka mkimbiaji akamkanyaga mwenzake. Kesho tuna wageni wa vyuo vingine. Mistari ikipinda tena, wakubwa watakuondoa, na mimi sitakuwa na la kuwaambia."

"Itanyooka," alisema Bwana Chokaa, naye alijua anadanganya.

Asubuhi hiyohiyo akapigilia kigingi. Kikalala. Akapigilia tena, akaweka jiwe juu. Mlinzi wa geti, jitu la miraba minne, rafiki yake wa miaka mingi, alimtazama weee, kisha akaacha geti lake na kuja.

"Lete hiyo kamba. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Hapo hapashikwi na mtu."

"Kwa nini?"

"Pana mwenyewe."

Mlinzi angeweza kucheka, lakini hakucheka. Alivua kofia.

"Shemeji alinitengea chai kila asubuhi, nije nisije. Unadhani msiba huu ni wako peke yako? Ukifukuzwa, atakuja fundi asiyemjua hata kwa sura, apakanyage hapa. Hilo ndilo unalotaka?"

Bwana Chokaa aliondoa jiwe, akang'oa kigingi, akamwekea mwenzake kamba mkononi bila kumtazama.

Akarudi mwanzo, akaanza. Kamba ilikuwa imekazwa barabara. Alitembea ameinama, chokaa ikishuka taratibu, na mgongo ukimuuma palepale unapouma siku zote. Kwa kitambo alisahau. Naam, alisahau kabisa, hata akawa anaisubiri ile miguu yenye kandambili za bluu. Alipofika mwisho akaona mabuti ya mlinzi.

Akasimama wima, akageuka. Mstari ulikuwa umenyooka kutoka alipo mpaka kwenye chuma, hauna kosa. Miezi yote hii kupinda kule kulikuwa kunamwambia kwamba bila mkewe kazi haiendi. Alikuwa akikuonea haya kupinda kule, na alikuwa akikupenda.

Machozi yakamshuka yakichanganyika na chokaa.

"Umenyooka, ndugu yangu," mlinzi alisema, bado amevuta kamba. "Sasa unalia nini?"

"Umenyooka," alisema Bwana Chokaa. "Na yeye hayupo."

Hakuna aliyemfuta uso. Alijifuta mwenyewe kwa kiganja, akaokota ndoo, wakahamia njia ya pili.