Mwezi Uliolala Kifudifudi

Juzi jioni nilikuwa natembea zangu Shangani, kunyoosha miguu baada ya kutwa nzima ya kukaa ofisini, nikakuta wanafunzi wamesimamisha darubini mchangani. Ilikuwa darubini ya kuanzia, bomba jeupe jembamba lenye kioo mbele, juu ya miguu mitatu iliyotetemeka kila mtu alipoinama kuchungulia. Wakawa wanalalamika hawaoni kitu. Nikawaambia watafute vifuu vitatu vya nazi, kila mguu ukae ndani ya kifuu chake usizame. Walinitazama kama mwehu, lakini walivitafuta, na bomba likatulia. Mmoja akaniuliza nimejifunzia wapi mambo hayo. Nikamjibu kijijini kwetu, Madimba, nikaondoka haraka kabla hajauliza zaidi.

Ndugu yangu, kama hukuijua Madimba kabla ya kiwanda cha gesi, hukuijua. Jua likizama, giza lilikuwa giza kweli. Msimu wa korosho uwanja wote ulinuka mabibo yaliyoiva, na bibi mzaa mama, aliyenilea, alikaanga korosho kwenye debe lililokatwa ubavu, moshi ukituwasha macho mpaka tunalia na kucheka pamoja. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji, kumenya muhogo, na kuchemsha ming'oko, viazi vya porini tulivyokula na chai asubuhi. Nililalamikia kazi hizo kila siku ya Mungu. Leo ningezifanya bure, na nisingefungua mdomo.

Bibi alikuwa na kazi moja ambayo hakupewa na mtu. Wanaume walikuwa na msikiti wao na redio yao. Wanawake wa upande wetu walikuwa na bibi. Mwezi ishirini na tisa Shaabani, jua likishazama, alisimama mwisho wa shamba la muhogo akatazama magharibi, juu ya mikorosho. Akiuona mwezi alisoma dua, akarudi uani, akagonga mtwangio mara tatu kwenye kinu kitupu. Sauti ile ilifika mbali. Wanawake wakiisikia walijua kesho ni mfungo, na mara ungesikia mbuzi za nazi zikikwaruza nyumba hadi nyumba.

Mwaka mmoja aligonga kinu, kumbe alichokiona ni kawingu. Watu waliamka daku siku isiyokuwa ya kufunga. Jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, akasema kisimani mbele ya wenzake kwamba macho ya bibi yameshastaafu, ila barua ndiyo haijamfikia. Wakacheka. Bibi naye alicheka nao, akajitwika ndoo yake akarudi nyumbani, na usiku ule hakula.

Mimi nilikuwa nimeanza kushtuka kabla ya hapo. Alikuwa akisuka ukili kwa kupapasa, uso umetazama kwingine. Siku moja nilimsikia akimkaribisha mgeni kwa heshima zote, akimwuliza habari za nyumbani, kumbe anaongea na kanga yangu niliyoianika kwenye kamba. Nilipomwomba twende hospitali alisema ni vumbi tu la shamba, litatoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Kilichoniuma zaidi kilikuwa Ramadhani ijayo. Nilimwona akilini amesimama pale mwisho wa shamba, peke yake, na hakuna tena anayengoja kinu chake.

Ndipo mwalimu wetu wa sayansi, Mkristo mpole kutoka Kanda ya Ziwa, aliporudi kutoka likizo na darubini ndani ya boksi. Nilikuwa darasa la tano. Alitufundisha kuisimamisha mchana. Kwanza unafungua miguu mitatu na kukaza skrubu zake. Halafu unaelekeza bomba kubwa kwenye kitu cha mbali, sisi tulitumia kilele cha mnazi, kisha unarekebisha kile kidarubini kidogo cha kulengea mpaka nacho kionyeshe kilele kilekile. Unaanza na lenzi inayokuza kidogo, kwa sababu inayokuza sana huona sehemu finyu na utahangaika bure. Na jua usiliguse kabisa. "Jicho likiungua halishonwi," alituambia, akarudia mpaka tukachoka. Vifuu lilikuwa wazo langu. Mchanga wa kwetu ulikuwa unameza miguu ya chombo chake.

Nilipochungulia mara ya kwanza niliona mnazi umening'inia kichwa chini, na paa la shule liko juu yake. Nikadhani nimeharibu. Mwalimu akacheka, akaeleza kwamba darubini za namna hiyo hupindua kila kitu, na kwamba kipande chenye kioo ambacho kingeinua picha kilivunjika njiani. Akasema nyota hazina juu wala chini, kwa hiyo tusijali.

Nilimwomba aniazime siku moja tu, nikamweleza na sababu. Akakubali. Siku ya ishirini na tisa akaibeba mwenyewe mpaka shambani kwetu, akanisaidia kuifunga, halafu akarudi nyuma kabisa, akakaa kwenye tuta. Alisema shughuli ile haikuwa yake.

Wanawake walikuja, na jirani yetu akiwemo, amefunga mikono kifuani. Bibi hakutaka. Alisema mwezi huonwa kwa macho aliyotupa Mungu, si kwa bomba la shule. Nikamwambia jicho ni lake bado, bomba linasogeza tu. Tulingoja jua lizame lote. Magharibi kulikuwa na ukungu mwekundu, na wote waliokodoa macho hawakuona kitu. Mimi nikapapasa mbingu polepole, juu ya mkorosho wa tatu, mpaka ukaingia. Uzi mwembamba mweupe, mdogo kama ukucha uliokatwa. Ulikuwa umelala kifudifudi, pembe zikielekea chini, kama kata ya maji iliyofunikwa.

Nikamshika bibi bega, nikamwinamisha, nikaliweka jicho lake kwenye lenzi. Alikaa pale muda mrefu. Nilisikia pumzi yake.

Mwishowe akainuka, akajinyoosha mgongo. "Nimeuona," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Umelala chali, pembe juu, kama kawaida yake."

Nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba darubini hupindua. Katika maandalizi yangu yote, hilo moja lilinitoka. Nikainama haraka kuchungulia, nikitumaini labda kuna kilichobadilika. Mwezi ulikuwepo bado, umesogea kidogo, kifudifudi vilevile. Bibi yangu alikuwa ametazama giza tupu, akatusimulia mwezi wa kichwani mwake, ule aliouona miaka na miaka.

Kabla sijajua la kufanya, yule jirani akanyoosha kidole. Ukungu ulikuwa umepungua, na sasa uzi ule ulionekana hata bila bomba, umelala chali, pembe juu, sawasawa na alivyosema bibi. Wanawake wakaanza kusoma dua. Jirani alikwenda akamshika bibi mkono, akamwomba radhi kwa maneno ya mwaka uliopita, na wala hakulitafuna neno. Bibi akamwambia yameisha. Mimi nilikuwa nimesimama kando na siri yangu, ninatamani kulia na kupiga vigelegele kwa pamoja.

Tulirudi uani wawili tu. Akaupapasa mtwangio ukutani akaupata. Nilidhani atagonga. Badala yake akanikabidhi mimi.

"Gonga wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeuona."

Nikagonga mara tatu, na machozi yananitiririka. Hatukulizungumza jambo hilo tena, siku ile wala baadaye. Ila kuanzia mwezi uliofuata, kila ulipoandama, aliniita jioni, nikamkuta amekaa kwenye mkeka, akaniuliza umelalaje leo, uko juu ya mkorosho upi, una nyota karibu au uko peke yake. Mwanzo nilijibu kwa kifupi. Kisha nikajifunza kusimulia. Nilimweleza rangi ya mawingu, nikamweleza popo wanaopita, na akatikisa kichwa kana kwamba ananisahihisha daftari. Miaka minne nilifanya hivyo, mpaka tulipomzika.

Siku hizi habari ya mwezi huingia kwenye simu kabla hata jua halijatua vizuri, na taa za kiwanda zimeng'arisha anga ya Madimba. Shamba la muhogo ni barabara. Sina ugomvi na hayo, watu wanahitaji umeme. Lakini kila mwezi mchanga nauona, mimi sikosi, kwa sababu nilizoeshwa kutazama. Nauona ukiwa chali, nauona ukiwa umeinama kidogo, nayahesabu mawingu yake. Maneno yanapanga foleni mdomoni, nageuka, na hakuna aliyekaa kwenye mkeka akiningoja. Macho ninayo mazima, bibi. Wa kumsimulia ndiye sina.