Laiti ya Daudi

Mume wangu ni fundi viatu, na mtaani wanamwita Kiguu na Njia. Zamani alikaa kwenye kigoda chake kutwa nzima. Aliyemtoa utulivu ni mwanetu. Alipojiunga naye kibandani, aliwavuta wateja mmoja mmoja kwa maneno matamu, mpaka siku moja akamwambia baba yake mbele ya watu, “Mzee, kapumzike. Hapa nitaweza mwenyewe.” Baba akaondoka hata nyundo hakubeba.

Tangu hapo hatulii. Hata somo la darasa lake la Jumapili kanisani alilitayarisha akitembea, jikoni hadi mlangoni. Lilihusu Daudi akimkimbia mwanawe Absalomu.

“Mke wangu, Daudi alivuka Kidroni, akapanda Mlima wa Mizeituni analia, rafiki yake kamsaliti. Yesu, Mwana wa Daudi, naye alivuka kijito hichohicho, mlima huohuo, kasalitiwa na rafiki. Daudi ni kivuli, Masihi ndiye mwenyewe.”

“Kaa basi, chai inapoa. Mfalme gani asiye hata na kigoda?”

Hakucheka. “Absalomu alipokufa, Daudi alilia: laiti ningekufa mimi badala yako. Hapo ndipo ninapokwama. Laiti haimfufui mtu.”

Nilikasirika, nikaona anadharau kilio cha mzazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi pia ni mzazi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na muuza mboga wa jirani na kibanda chetu. Ijumaa mume wangu alikuwa akipita ng'ambo ya barabara, kama kawaida yake, akichungulia. Wanaume wawili wakafika kibandani na kiatu. Soli ilikuwa imebanduka, dada yao akaanguka ngazini akavunjika mguu. Baba hubandika gundi kisha hushona. Mwana, kwa haraka zake, aliishia kwenye gundi.

“Fundi wa hapa nani?”

Mwanangu alijibanza nyuma ya rafu. Mume wangu akavuka barabara.

“Fundi ni mimi.”

Kofi la kwanza lilimng'oa miwani.

Alirudi nyumbani mdomo umevimba, mwanetu nyuma yake kashika miwani iliyovunjika. Nilimmiminia chai.

“Baba, kwa nini?” kijana aliuliza huku akilia.

“Daudi alisema laiti,” akajibu, akivuta kiti. “Mwana wa Daudi hakusema laiti. Alikufa kweli.”

Akaketi, akanywa chai ingali moto. Siku hiyo aliyeshindwa kukaa ni mimi.