Hesabu ya Penseli

Fundi Miwani, mtu wa kompyuta wa hospitali, alikuwa na chumba chake nyuma ya dobi, na kwa miezi minne hakubanduka humo ila kwenda kula. Alikuwa akihamisha programu ya dozi za watoto njiti kutoka lugha ya zamani, ambayo hata vyuo vimeshaisahau, kwenda lugha mpya. Mstari kwa mstari, maelfu. Mkewe alishasalimu amri: "Siku hizi nimeolewa na mgongo."

Asubuhi ya majaribio alijaa raha kama bwana harusi. Mkurugenzi alishatamka kwamba programu ikianza rasmi, manesi waache hesabu za mkono, zinakula muda. Aliyelengwa alijulikana: Sista wa wodi ya njiti, ambaye kila dozi aliikokotoa kwa penseli kwanza, ndipo akaitazama kompyuta. Fundi mwenyewe alishamcheka mbele za watu, tena zaidi ya mara moja.

Mtoto wa kwanza alikuwa na gramu mia tisa. Kompyuta ikasema apewe alama tatu za sindano. Sista akatazama karatasi yake, akaiweka sindano chini.

"Kaka, mimi nimepata mbili."

"Labda penseli imechoka, dada."

"Haya, kokotoa na wewe."

Akakokotoa. Mbili na nusu na kidogo. Hapo jasho likamtoka. Lugha ya zamani, ikigawanya, ilikitupa kipande kinachobaki. Hii mpya ilikitunza, naye kwa unadhifu wake akaiamuru ikipandishe kiwe namba kamili. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba njiti hukatiwa chini, hawaongezewi.

"Hiyo ya tatu ingemfanya nini?" Fundi akauliza.

"Kwa dawa hii? Angeweza kututoka," Sista akasema, akivuta alama mbili.

Fundi akakalia ndoo. Alishukuru kwa moyo wote, machozi yakitia ukungu miwani. "Asante, dada. Nilikucheka, kumbe wewe ndiye umeniponya na jambo ambalo nisingeweza kuishi nalo."

Sista akamwambia asogee, anaziba njia.

Kurekebisha kule kugawanya kulichukua dakika tano. Kilichomla siku tatu, pamoja na mabishano makali na mkurugenzi, ni ukurasa wa kwanza. Programu ilipoanza kazi, Sista aliingiza uzito wa mtoto, akangoja dozi. Haikutoka. Kioo kilimuuliza kwanza: Wewe umepata ngapi?