Macho Makavu

Kaka yangu wateja walimpa jina la Macho Makavu, naye akalipokea kama cheo. Katika karakana yake alichomelea mageti bila kinga ya uso, jicho moja kalifumba, cheche zinamrukia kifuani. Mwanawe alipomaliza shule akaingizwa humo humo, akaambiwa kile kioo cheusi cha kinga ni mtandio, na wanaume hawavai mtandio.

Mimi ndiye mpaka rangi wa pale, shangazi mtu, kwa hiyo nilikuwa naona. Kijana alirudi nyumbani macho mekundu yanachuruzika, kama katiwa mchanga. Vijana wa karakana wakamcheka kwamba mtoto wa Macho Makavu ni mlizi. Badala ya kuwapuuza, akawa anakomaa, anasogeza uso karibu zaidi na moto ili wamwone dume. Nilikasirika sana. Macho ni kitu cha kuonyeshea ubabe?

Wakati huo huo mageti ya kaka yakaanza kunitesa. Nikipitisha brashi kwenye mshono, pale vyuma vilipounganishwa, rangi inazama kwenye matundu. Nikimwambia, ananijia juu, eti brashi yangu ndiyo mbovu.

Asubuhi moja mteja alikuwa anasubiri geti lake. Kaka akapapasa mshono kwa dole gumba, akainama, akainama tena. Kisha akamwita mwanawe kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea.

“Hebu niangalizie. Pameziba hapa?”

Tundu lenyewe hata mimi niliye mbali nililiona. Kijana akamtazama baba yake, akaelewa. Akaenda kwenye kabati, akatoa kinga niliyomnunulia mimi na ambayo hakuwahi kuigusa, akaipangusa vumbi. Mmoja wa vijana akauliza bibi harusi anakwenda wapi.

“Cheka ushibe,” akamjibu, kisha akamgeukia baba yake. “Baba, ukitaka nifukuze. Bila hii sichomelei tena.”

Kaka akanyanyua mkono. Tulijua ni kibao, maana ndizo zake. Lakini mkono ulitua begani kwa mwanawe, ukapanda polepole, ukapapasa ile kinga, kioo na mkanda wake.

“Ivae,” akasema. “Ivae vizuri.”

Machozi yakamtoka kaka, na moto ulikuwa bado haujawashwa. Nikaweka brashi chini, nikawatazama wale vijana mmoja mmoja. Nilitaka nione nani atacheka.