Doa la Ngalula

Harufu ya siki bado hunitia wivu, na mimi sasa ni mama mwenye watoto wakubwa. Mnaweza kunicheka, lakini ndivyo ilivyo.

Miaka ile baba alikwenda kiwandani na kurudi bila mshahara, ila umeme wa bwawa la Koni ulikuwa bado unafika. Basi mama akaanza kuuza barafu za rangi: maji, sukari na unga mwekundu, katika vifuko vya plastiki. Friji yetu ilikaa sebuleni ili wageni waione, na mbele yake lilitandikwa zulia la rangi ya maziwa, fahari ya mwisho ambayo baba alituletea. Kulikanyaga na viatu ilikuwa kesi.

Ngalula, binti wa jirani, alikuja kumsaidia mama kufunga vifuko. Vyake vilikaza, vyangu vilivuja. Mama alimsifu mbele yangu, nami nilivimba kwa wivu.

Siku moja Ngalula akalipiga teke beseni la maji ya rangi bila kukusudia, wekundu ukasambaa zuliani. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Leo ataijua fimbo ya mama yangu! Nikakimbia kuleta birika la maji ya moto, nionekane mtoto wa maana.

"Weye! Weka ile maji chini!" mama alifoka. "Moto itaingiza rangi mu tapi, haitatoka tena!"

Kisha akamgeukia Ngalula, aliyekuwa analia. "Wacha kulia, mama. Haiko kitu. Kuya, tufinye pamoja."

Aliyemwaga anabembelezwa, anayesaidia anafokewa! Nilisimama mlangoni na birika langu, nimenuna, huku wao wamepiga magoti bega kwa bega. Walichovya kitambaa cheupe katika siki na maji baridi, wakakandamiza kutoka ukingoni kuelekea katikati, bila kusugua, wakigeuza kitambaa kila kilipokuwa chekundu. Jioni likabaki doa la waridi, ukubwa wa kiganja.

"Kesho tutamaliza," mama alisema.

Hawakumaliza. Familia ya Ngalula ilikuwa na asili ya Kasai, mkoa mwingine, na wiki ileile walifukuzwa mkoani kwetu kama wenzao wote wa huko, wakaenda kungoja treni stesheni na mabunda yao. Mimi niliona tu kwamba mama amerudi kuwa wangu. Nikachukua siki na kitambaa, nikapiga magoti palepale. Mama akanishika mkono.

"Apo wacha."

"Lakini miye najua kuitosha hii rangi, mama."

"Najua unajua. Wacha tu."

Nikalionea wivu hata doa.

Siku ile ya beseni mama alikuwa ameshasikia yanayosemwa mitaani kuhusu watu wa Kasai. Watu wazima wote walisikia. Habari za Ngalula hatukuzipata tena. Nilipokuwa mtu mzima niliitafuta picha yake katika vitu vya mama. Hatukuwa na hata moja.