Konokono Niliowachora

Wiki hii nimechoka hata kalamu naiona nzito, lakini hii lazima niiandike.

Mwalimu wa jiografia alitueleza vile wanasayansi huweka mpaka kati ya enzi moja ya dunia na nyingine. Hawaangalii rangi ya mwamba. Wanachagua genge moja la mawe, pale kisukuku cha mnyama fulani, yaani mabaki yake yaliyogeuka jiwe, kinapoonekana mara ya kwanza, halafu nchi zingine zinamtafuta mnyama huyohuyo kwenye mawe yao. Milima yetu ya Machakos haina visukuku. Joto la ardhini liliyapika mawe yake kitambo sana. Kwa hivyo tungejaribu na udongo: kila wawili wapime mashimo mawili, waunganishe matabaka kwa mistari kwenye chati moja.

Mwenzangu wa deski alipima shimo jipya la takataka kwa susu, nyanya yake wa Kangundo. Alipata maganda ya konokono yakianzia kwenye udongo mweusi. Mimi nilipima shimo la choo analochimba baba. Jumamosi hiyo nilikuwa nimeteka maji mara tatu na kufua sare za wadogo wangu. Nikashuka ngazi, nikaona udongo mweusi, konokono hakuna. Nikawachora tu.

Mistari yetu ikakutana vizuri mno. Mwalimu akabandika chati ukutani, akasema Ijumaa tulete maganda yenyewe.

"Wale wa deski la mbele watajua hawajui," mwenzangu akaniambia Ijumaa asubuhi. "Yako umeosha?"

Nilikuwa na ganda moja mfukoni, nililookota kwenye nyasi za ng'ombe. Ningelitoa tu. Lakini yeye yake alikuwa ameyafunga na pamba ndani ya kikopo cha mafuta.

"Kwangu hakukuwa na konokono," nikasema. "Niliwachora."

Akakifunika kikopo chake. "Kwa hivyo nimevuta mstari kutoka Kangundo mpaka kwa konokono wa penseli."

"Nilikuwa nimechoka."

"Na mimi nilishuka huko na viatu vya shule, susu akanifokea. Enda umwambie mwalimu. Leo sikusemei."

Siku zote yeye ndiye hunisemea. Nikaenda. Sauti yangu ilikuwa ndogo, mwalimu akaniuliza mara mbili nimesema nini. Hakunigombeza. Alibandua chati, akanipa kifutio.

Nilifuta mpaka karatasi ikachanika kidogo. Mwenzangu akaufupisha mstari wake, ukaishia ukingoni mwa shimo la Kangundo, hapo akaweka alama ya kuuliza.

"Jumamosi nakuja kwenu kuliangalia shimo lenu mwenyewe," akasema. "Nikukute umeshashuka ndani."

Jumamosi nilitaka kulala. Nikamwambia sawa.